Nyumba ya Mombasa Ichague: Upepo au Kiyoyozi

Chumvi ya mezani haikai kavu Mombasa. Ndiyo maana katika vikopo vya chumvi vya nyumba nyingi hapa utaona punje za mchele zimetiwa humo, zinyonye maji chumvi isigande. Jambo lenyewe linapimika. Chumvi ya kawaida ikikaa kwenye hewa ambayo unyevu wake umezidi asilimia 75, huvuta maji ya hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Na hewa ya mji huu, ukiipima saa mbili asubuhi, siku nyingi za mwaka imeshapita hapo.

Naanza na chumvi kwa sababu nimechoka kusikia ukungu wa nyumbani ukiitwa uchafu. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Kazi yanipeleka Kizingo, Tudor, Nyali, Bamburi mpaka Mtwapa, majumbani na maofisini. Huitwa kwa ajili ya mashine: haipozi, inavuja, inanuka. Nikifika, mara nyingi mgonjwa ni nyumba. Nyuma ya kabati kuna madoa meusi, viatu vya ngozi vimeota unga wa kijani, godoro linanuka upande wa chini, na mama mwenye nyumba ananiomba radhi kana kwamba hapigi deki. Anapiga deki kila siku. Tena maji ya deki hilo, kwenye chumba kilichofungwa, hayana pa kwenda ila hewani.

Ninalotaka kusema ni hili: nyumba ya Pwani inaweza kuishi kwa upepo, na inaweza kuishi kwa mashine. Njia zote mbili ni salama zikifuatwa mpaka mwisho. Ukungu unaota katika nyumba iliyo katikati, iliyozibwa isipate upepo wa kutosha, ikapozwa nusu usiku, ikafunguliwa asubuhi, ikafungwa tena.

Ili nieleweke, tuyapime maji yenyewe. Chukua chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4, dari ikiwa mita 3. Siku ya kawaida ya Machi hewa ina nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75. Kila mita moja ya ujazo wa hewa hiyo imebeba karibu gramu 23 za maji. Kwa hiyo chumba kizima, kabla hajalala mtu wala halijaanikwa taulo, kina zaidi ya lita moja ya maji yasiyoonekana. Hewa ikipoa, uwezo wake wa kubeba maji unapungua. Ikifika nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Yanayozidi lazima yatue mahali. Hewa hiyo ya nyuzi 30 ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini yake, huanza kutoa umande. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hutoa jasho kwa sababu hiyohiyo, na ukuta wako pia.

Tena ukungu hausubiri umande. Hewa iliyoshikamana na ukuta ikikaa na unyevu wa asilimia 80 au zaidi kwa siku kadhaa, kuvu wanaanza kuota. Hewa yetu ya Machi ikigusa ukuta wa nyuzi 28, yaani ukuta uliopoa kidogo tu kuliko chumba, pale pale ukutani unyevu unakuwa karibu asilimia 84. Mkono wako utauona ukuta huo mkavu. Kuvu wanauona mbichi. Chakula chao kipo tayari: vumbi, gundi ya karatasi, rangi, mbao za kabati, ngozi ya kiatu. Hatuwezi kuwanyima chakula, wala hatuwezi kuzuia mbegu zao zisiingie, maana zimo katika hewa yote duniani. Tunachoweza kuwanyima ni maji.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, niliitwa kwenye nyumba ya ghorofa huko Tudor. Chumba cha wazazi kina kiyoyozi, chumba cha mtoto hakina. Ukungu ulikuwa kwa mtoto, kwenye ukuta unaogawa vyumba viwili hivyo, mweusi kuanzia kitandani mpaka kifuani pa mtu mzima. Rangi ilikuwa imepakwa na kupakwa tena. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshamgombeza mtoto kwa kutundika taulo, kisha akamgombeza fundi wa rangi.

“Fundi, huu ukuta una bomba ndani?” akaniuliza.

“Hauna bomba, mama. Una baridi ya chumba chenu.”

Kiyoyozi cha wazazi kilikuwa kimewekwa nyuzi 18 usiku kucha. Nilielekeza kipimajoto upande wa mtoto, ukuta ukasoma nyuzi 22. Dirisha la mtoto lilikuwa wazi, kama ipasavyo chumba kisicho na mashine, na hewa ya nje ikiingia na maji yake yote na kukutana na ukuta huo baridi. Chumba kimoja kilikuwa kinaishi kwa mashine, cha pili kwa upepo, na mpaka wao ulikuwa ukuta mmoja mwembamba.

Dawa yake haikuwa rangi. Tulipandisha kiyoyozi mpaka nyuzi 26 na kuwasha pangaboi. Baba alisita, amezoea kulala akijifunika blanketi. Nilimweleza kwamba hewa iliyokaushwa vizuri na inayotembea, hata ikiwa nyuzi 26, mwili unaipenda kuliko hewa ya nyuzi 20 yenye majimaji. Ukuta ukapanda juu ya nyuzi 25, umande ukakosa pa kutua. Baada ya hapo ndipo tukasugua ukuta kwa maji ya sabuni, tukauacha ukauke kabisa, na fundi wa rangi akaitwa mwisho. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuficha maradhi, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna mtoto anayelala hapo, ndiyo maana naliona jambo hili kuwa zito kuliko sura ya ukuta. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kwamba wanaoishi humo wako katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa na kifua na kupata pumu. Mtoto hupumua hewa ya chumba chake usiku mzima, na kitanda chake mara nyingi ndicho kilichosukumwa ukutani.

Nambari hii ya 25 ni muhimu kwa kila mwenye kiyoyozi Mombasa. Miezi ya joto, kati ya Desemba na Aprili, hewa ya nje hutoa umande ikifikia nyuzi 24 au 25. Wakati wa upepo wa kusi, Juni mpaka Agosti, hushuka kidogo. Ukiweka mashine juu ya hapo, si rahisi kitu chochote ndani ya nyumba kupoa kiasi cha kuvuta maji. Ukiweka 18, umetengeneza chupa ya soda yenye vyumba vitatu na sebule.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kiyoyozi cha kwanza cha kisasa hakikubuniwa kumpoza mtu. Willis Carrier, mhandisi kijana wa Marekani, alikibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zinavimba na kunywea kwa unyevu, kwa hiyo rangi moja ikipigwa leo na nyingine kesho hazikulaliana. Alichotaka Carrier ni kushika unyevu kwenye asilimia 55. Ubaridi ulikuwa njia ya kuyakamua maji hewani. Sisi tumechukua njia tukasahau kazi yenyewe, na maduka yanatuuzia mashine kwa kutuambia itapoza kwa kasi gani.

Kasi hiyo ndiyo balaa. Mashine ya BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ikifungwa katika chumba kinachotosheka na 9,000 au 12,000, itapoza hewa kwa dakika chache kisha kompresa izime. Maji hukamuliwa pale tu hewa inapopita kwenye bomba baridi kwa muda mrefu, na hapa muda haupo. Unabaki na chumba baridi chenye maji. Mtu anahisi mwili unanata, anashika rimoti, anashusha zaidi, na ukuta unazidi kupoa. Ubaya mwingine ni feni ya mashine kuachwa ikizunguka kompresa ikiwa imezima. Yale matone yaliyokuwa yameshikwa kwenye bomba hupulizwa yakarudi chumbani. Rimoti nyingi zina alama ya tone la maji, na wateja wangu wengi hawajawahi kuigusa. Hiyo ndiyo inayotanguliza kukausha kabla ya kupoza, na usiku wa mvua za masika, joto likiwa si kali, ndiyo ya kutumia. Kuhusu mfereji wa kutolea maji nitasema kwa ufupi: usafishwe kabla haujaziba, kwani mashine inayomwaga maji ndani ya dari ya jipsamu inakulimia shamba la ukungu usiloliona.

Wazee waliojenga Mji wa Kale walichagua upepo, na waliuchagua kwa ukamilifu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita, zikaungwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo. Dari ni za boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazizidi sana mita tatu, vyumba vilitoka vyembamba na virefu. Dari ziko juu, joto lipande liwaache watu. Roshani hutia kivuli na ua wa ndani hufukuza joto kwenda juu. Chokaa hunywa unyevu mvua ikinyesha na kuutema jua likitoka, na ikiwa mpya ina ukali ambao kuvu hawauwezi. Kule Majengo, nyumba za Kiswahili za kawaida zilikuwa na ujia ulionyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vikiwa huku na huku, na kati ya ukuta na paa la makuti palibaki nafasi ya hewa kupita. Nyumba kama hiyo haitawahi kuwa na unyevu wa asilimia 50. Haina haja. Kuta zake ziko karibu sana na joto la hewa yenyewe, na upepo haumpi kuvu nafasi ya kukaa.

Sisemi hazikuwa na ukungu. Paa likivuja palioza, na kusi lilipopiga mvua kwenye ukuta wa kusini palikuwa na madoa. Lakini zilitunzwa: nyumba nyingi zilipakwa chokaa upya kabla ya Ramadhani, na ule upya wa chokaa ulikuwa ni dawa pia.

Kilichoziumiza ni kuzitia katikati. Saruji ilipokuwa rahisi kuipata, na kiwanda cha Bamburi kimekuwa kikiizalisha tangu 1954, watu wakaanza kuikandika juu ya matumbawe wakidhani wanaupa ukuta nguvu. Maji yanayopanda kutoka ardhini, ambayo zamani yalitokea kwenye chokaa, yakakosa njia. Yakapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Yanapotokea yanaacha chumvi, na chumvi ikiganda ndani ya plasta huipasua ikadondoka kwa magamba. Juu ya hapo wakapaka rangi ya mafuta, wakaziba roshani kwa vioo, wakafunga kiyoyozi chumba kimoja.

Na hapa ile chumvi ya asilimia 75 inarudi kwa ubaya. Ukuta uliolowa chumvi, iwe ya ardhini, ya upepo wa bahari, au ya mchanga wa ufukweni uliojengewa bila kuoshwa, hunywa maji hewani kama kawaida ya chumvi. Nimeona kuta zikitokwa na madoa ya maji mwezi wa Februari, hakuna mvua, hakuna bomba, hakuna jirani anayeoga nyuma yake. Doa hutokea asubuhi na kufifia alasiri, hewa inapokauka kidogo. Ukiona doa la namna hiyo usimwite fundi bomba avunje vigae vyako. Mwite fundi wa mawe anayeijua chokaa. Plasta ya saruji ibanduliwe, unga mweupe wa chumvi ufagiliwe mkavu bila maji, ukuta uachwe upumue, kisha upigwe chokaa na mchanga uliooshwa. Anayetaka kuona jinsi mawe na chokaa vinavyovumilia hewa ya bahari, aende Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593, akaziangalie kuta zake kwa karibu.

Nyumba za ghorofa za sasa ndizo zinazonipa kazi zaidi. Madirisha ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu tu. Nyumba ina dirisha upande mmoja, upande wa pili ni ngazi, kwa hiyo upepo hauna pa kutokea. Vile vitundu vya hewa vya juu ya dirisha, vilivyokuwa kawaida zamani, vimeondolewa au vimezibwa kwa ajili ya mbu na vumbi. Siwalaumu wanaofunga. Mbu ni malaria, na dirisha wazi la ghorofa ya chini ni mwizi. Lakini wavu wa chuma mwembamba unazuia mbu na kupitisha hewa, na tundu la hewa likitiwa wavu linabaki tundu. Anayejenga sasa Kisauni au Likoni, gharama yake ni ndogo mno wakati ukuta bado haujapanda.

Mashauri mengi ya intaneti yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwao hewa ya nje ni kavu na ya ndani ina maji, ndiyo maana huambiana wafungue dirisha na wawashe hita. Chumba chetu chenye kiyoyozi kiko kinyume: maji yapo nje, yanataka kuingia. Ukifungua dirisha asubuhi “kubadilisha hewa” katika chumba kilichopozwa usiku, umeyakaribisha kwenye kuta baridi. Zima mashine, acha kuta zirudi joto lake, kisha ufungue. Karatasi za ukutani za plastiki, ambazo sasa zimekuwa pambo la sebule nyingi, zina hatari hiyohiyo. Florida huko Marekani, penye hewa inayofanana na yetu, hoteli zilibandua karatasi za namna hiyo na kukuta ukungu umetanda nyuma yake: unyevu ulipenya ukuta kutoka nje, ukafika kwenye plastiki iliyopozwa, ukakwama.

Nunua kipimaunyevu kidogo cha kidijitali. Macho hayawezi kazi hii, na pua huchelewa. Kama una shaka nacho, tia chumvi kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe kama tope, uviweke pamoja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uache usiku kucha; kinapaswa kusoma karibu 75. Katika chumba cha kiyoyozi lenga chini ya 60. Katika nyumba ya upepo usihangaike na namba hiyo, hangaika na mahali ambapo hewa haifiki. Kabati lisogee kutoka ukutani upana wa kiganja. Godoro liinuliwe juu ya mbao zenye nafasi. Nguo zisianikwe chumbani. Nguo zilizotoka kwenye mashine ya kufulia hubeba lita moja au zaidi ya maji, na zikikauka ndani maji hayo yote yamebaki ndani. Kitu kikilowa, zulia au mto, kikaushwe ndani ya saa 24 mpaka 48, kwani baada ya hapo kuvu wameshashika.

Udi na ubani tunavipenda, nami nafukiza nguo zangu, lakini moshi unaondoa harufu tu. Makaa kwenye kabati yana msaada mdogo na hushiba haraka. Jiki huyafanya madoa ya kwenye kigae yaondoke. Kwenye plasta na mbao huyachubua kwa juu na kuacha mizizi ndani, na kamwe isichanganywe na siki wala dawa yenye amonia. Mashine ya kukausha hewa inafaa sana chumba cha vitabu au stoo, ilimradi chumba kifungwe. Ukiiwasha dirisha likiwa wazi unaikausha Bahari ya Hindi.

Walio ughaibuni wenye nyumba Nyali, zinazofungwa kwa miezi, ndio wanaoumia zaidi, kwani nyumba iliyofungwa kabisa bila mashine haina upepo wala kiyoyozi. Wakirudi Desemba wanakuta sofa zimevaa manyoya. Mpe mtu ufunguo afungue madirisha pande mbili kila wiki, milango ya makabati ikae wazi, na feni moja izunguke.

Kuhusu rangi, ambalo ndilo swali la kila anayenipigia simu: isipakwe wakati wa masika wala mara tu baada yake. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kwetu, na ukuta mnene wa matumbawe huchukua miezi kutoa maji hayo. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba kuliko miezi mingine yote, ndio wakati wake. Sasa hivi fundi wa mawe ninayeshirikiana naye ana ukuta Ganjoni aliokwisha kuubandua saruji. Ndani yake mawe bado mabichi. Mwenye nyumba anataka rangi kabla ya harusi ya bintiye, mwezi ujao. Tumemwomba atundike vitambaa mbele ya ukuta huo siku ya harusi, apake Januari. Hajatujibu bado.